Chuo Kikuu au Kazi? Keti Kwanza, Piga Hesabu

Maandiko ya kusoma wiki hii: 1 Samweli 16:11–19 na 17:12–22, Luka 14:28–30, Matendo 18:1–4



Jumanne wiki hii, saa moja jioni, kijana mmoja wa kanisa letu aliingia ofisini akiwa na mamake. Aliweka mezani barua ya kujiunga na chuo kikuu, kisha akaweka simu juu yake. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa mwanakandarasi mmoja wa umeme hapa Nakuru: njoo Jumatatu uanze kazi. Na chuo nacho kinamtaka aripoti Jumatatu hiyo hiyo. Mamake akasema, "Pasta, wewe umesomea biashara, na tena ni mtumishi wa Mungu. Tuombee, halafu utuambie Mungu anasema aende wapi."

Miaka mitatu iliyopita ningeomba na kuwajibu kabla chai haijapoa. Safari hii nilinyamaza kidogo. Wacha niwaambie kwa nini, maana ndiyo sababu ya somo hili, na si jambo ninalolisema kwa furaha.

Mlango niliosema umefunguka

Kulikuwa na binti hapa kanisani aliyefanya vizuri KCSE akaitwa chuo kikuu cha mbali. Kwao hakuna aliyewahi kufika huko. Jumapili ile mimi ndiye niliyekuwa kwenye madhabahu. Nilimwita mbele, nikasoma Ufunuo 3:8, nikamtangazia mbele ya kanisa lote kwamba Bwana amemfungulia mlango na hakuna mwanadamu wa kuufunga. Watu wakasimama. Tukafanya harambee palepale, tukapata shilingi 68,500. Mamake alikuwa na wazo lake: binti aanze kazi kwanza kwenye duka la kushona nguo la shangazi yake hapa mjini, achange pesa, aende chuo mwaka unaofuata. Lakini baada ya ile Jumapili alilimeza wazo hilo. Nani atabishana na mlango uliofunguliwa na Bwana?

Zile 68,500 zilimaliza muhula wa kwanza na kununua godoro. Muhula wa pili ng'ombe wa maziwa akauzwa. Mwaka wa pili hapakuwa na ng'ombe mwingine. Binti alihudhuria masomo hadi wiki ya mwisho, lakini mtihani hakufanya kwa sababu ya salio la karo. Alirudi nyumbani usiku ili majirani wasimwone na sanduku. Kanisani hakurudi. Mimi mwenyewe nilijua yuko nyumbani baada ya miezi minne, na aliyeniambia ni mtu wa bodaboda, wala si mshirika.

Nilipomwendea kumwomba msamaha hakunifokea. (Ameniruhusu niandike haya bila jina.) Aliniambia jambo moja tu: "Pasta, siku ile hakuna aliyeuliza muhula wa pili utalipwa na nani. Hata mimi sikuuliza. Niliona nikiuliza itakuwa kama sina imani."

Neno hilo limekaa nami. Kumtakia binti yule chuo kikuu halikuwa kosa. Kosa langu ni kwamba nililitumia jina la Bwana kufunga mdomo wa hesabu, na mamake, ambaye alikuwa tayari ameshapiga hesabu, nikamfanya aonekane mwenye imani haba.

Mtu wa mnara

Katika Luka 14 Yesu anataja mtu anayetaka kujenga mnara. Hebu angalia mpangilio. Mtu ana nia, kisha anaketi chini, kisha anahesabu kama alicho nacho kitamfikisha mwisho, ndipo anachimba msingi. Yesu hamlaumu aliyeketi. Aibu inampata yule ambaye hakuketi, aliyeweka msingi pesa zikaisha, na wapita njia wakapata la kucheka. Najua pale Bwana anazungumza juu ya gharama ya kumfuata, hazungumzii karo. Lakini alichukua mfano ambao kila msikilizaji wake aliuona kuwa akili ya kawaida. Ukipita Pipeline au Barnabas utaziona nyumba hizo: nguzo za zege zimesimama, nyasi imeota katikati ya vyumba, na mwenyewe siku hizi anapitia barabara nyingine.

Sasa sisi wengine tumezoea kwamba maombi yako upande huu na kalamu iko upande ule. Mtu anafunga siku tatu kuuliza aende chuo au kazini, na hajasoma ukurasa wa pili wa barua ya chuo, ule wenye karo.

Kwa hivyo Jumanne nilitoa karatasi mbili. Nikamwambia kijana, "Tutaomba. Lakini kwanza tuketi."

Karatasi ya kwanza: chuo

Kwa wasiofahamu, mpango wa ufadhili ulioanza mwaka wa 2023 uko hivi: mwanafunzi anayepelekwa na KUCCPS chuo kikuu cha umma anaomba ufadhili mwenyewe, na hali ya nyumba yao inapimwa. Sehemu ya gharama inakuwa msaada wa serikali usiorudishwa, sehemu ni mkopo, na kinachobaki ni cha familia. Watu wengi wanasikia "amepata ufadhili" na wanafikiri habari imeisha. Kile kinachobaki ndicho kilichomrudisha binti yetu nyumbani.

Kwa huyu kijana, sehemu ya familia kwa mwaka wa kwanza ni 24,000. Mamake alikuwa amezitafuta, akafikiri amemaliza. Tukaendelea kuandika. Chumba cha kupanga nje ya chuo, 4,000 kwa mwezi, miezi 9 ya masomo: 36,000. Chakula, nikasema tuweke shilingi 200 kwa siku, na hapo ni mtu anayejipikia na kulala mapema: 54,000. Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili: 4,000. Data ya simu na kuchapisha kazi za darasani, 1,000 kwa mwezi: 9,000. Jumla 127,000 kwa mwaka. Pesa za kujikimu kutoka kwa mkopo wake ni 45,000. Pengo ni 82,000 kila mwaka, na kwa miaka minne ni 328,000.

Mamake anauza mboga sokoni. Siku njema anapata faida ya shilingi 500. Ana watoto wengine wawili shuleni. Tuligawanya 82,000 kwa miezi 12, ikatoka zaidi ya 6,800 kila mwezi. Alikitazama kile kiasi muda mrefu. Akasema, "Hata sijakataa. Lakini sasa nakijua."

Na mkopo nao ni deni, wapendwa. Huwa tunausherehekea kama baraka kisha tunausahau. HELB wanatoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka kwa mkopo wa digrii ya kwanza. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo unatakiwa uanze kulipa, uwe umepata kazi au hujapata, na anayekaa kimya anatozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi.

Hilo nalijua kwa ngozi yangu. Nilimaliza digrii ya biashara mwaka wa 2012. Nilipiga lami miezi 19 na bahasha ya vyeti kwapani. Miezi saba ya mwisho katika hiyo ilikuwa tayari inahesabika, na mimi sikuwahi kuandika hata barua moja kueleza kwamba sina kazi. Elfu 35 za bure, kosa langu mwenyewe, mhitimu wa biashara.

Karatasi ya pili: kazi

Ujumbe kwenye simu ulisema mshahara ni 18,000 kwa mwezi. Tukaandika. Ukiajiriwa rasmi unakatwa NSSF asilimia 6, bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Kwa 18,000 hiyo ni 1,845, kwa hivyo mkononi unapata 16,155. Nauli na chakula cha mchana, 200 kwa siku kwa siku 26, ni 5,200. Fungu la kumi, 1,800. (Kijana alilitaja mwenyewe kabla sijalitaja, nikafurahi.) Kumsaidia mama, 4,000. Anabakiwa na 5,155. Akiziweka kila mwezi kwa mwaka mzima anafika karibu 62,000. Hiyo ni robo tatu ya pengo la mwaka mmoja chuoni. Hapo uso wa mama ukachangamka. Kazi mwaka mmoja, kisha chuo! Si tumepata jibu?

Nikauliza, "Barua ya kazi iko wapi?"

Hakukuwa na barua. Kulikuwa na ule ujumbe. Nikamwambia apige simu pale pale, aulize kwa heshima masharti ya kazi. Aliweka simu kwa sauti ya nje. Mwanakandarasi hakuwa mtu mbaya, alieleza vizuri kabisa: "Ni mia sita kwa siku, kijana wangu. Siku ambayo kuna kazi."

Mia sita mara siku 30 ni 18,000. Lakini nani anafanya kazi siku 30? Na mjengo ukisimama, je? Tulifuta, tukaanza upya. Tukasema siku 16 kwa mwezi: 9,600. Ondoa nauli na chakula, 3,200. Fungu la kumi, 960. Mama, 4,000. Inabaki 1,440. Kwa mwaka mzima haifiki hata 18,000. Mama alianza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyechoka, na mimi na kijana tukacheka naye.

Sisemi kibarua ni kitu cha kudharau. Mimi nimelelewa na kibarua. Ninasema tusilinganishe barua yenye muhuri na ahadi ya simu kana kwamba ni vitu viwili vya uzito mmoja. Muulize mwenye kazi: ni ya mwezi au ya siku? Kuna maandishi? Nitafundishwa nini mwaka huu ambacho sikijui leo? Swali la mwisho ndilo linalosahaulika, na mara nyingine lina thamani kuliko mshahara.

Mdogo wangu

Nina mdogo wangu ambaye hakufuata njia yangu. Alipomaliza kidato cha nne aliingia jua kali kwa fundi wa kuchomelea vyuma. Nyumbani tulimhurumia, mimi nikiwa wa kwanza. Ile miezi 19 niliyopiga lami, nguo nilizovaa kwenye mahojiano, na viatu, na nauli, alilipa yeye. Hakunisimanga hata siku moja. Ingekuwa somo linaishia hapo ningewaambia vijana wote watupe barua zao wakanunue mashine za kuchomelea.

Lakini haliishii hapo. Mdogo wangu alipofika miaka 30, shule moja ilitaka geti na madirisha ya madarasa mapya, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Walimpenda, waliona mifano ya kazi yake. Kisha wakamwomba vyeti. Hakuwa na chochote zaidi ya mikono. Kazi ilikwenda kwa mtu mwingine ambaye, kwa kusema ukweli, aliwahi kufundishwa na mdogo wangu. Mwaka uliofuata alikwenda kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, Gredi ya 3, ameketi na vijana wa miaka 19. Sasa anajitayarishia ya 2.

Basi mimi nilikuwa na karatasi bila mikono, yeye alikuwa na mikono bila karatasi, na kila mmoja aligonga ukuta wake.

Mafuta yalipokauka kichwani

Tumezoea kumhubiri Daudi akiwa amesimama mbele ya Goliathi. Hebu rudi nyuma sura moja. Samweli anamwaga mafuta juu ya kichwa cha kijana huyu, ndugu zake wote wakiona. Sisi tungempandisha gari siku hiyo hiyo aende ikulu. Lakini Sauli anapotuma wajumbe kwa Yese baadaye (16:19), Daudi anatajwa akiwa wapi? Kwa kondoo. Mafuta yamekauka na kijana amerudi malishoni.

Halafu anaitwa ikulu kumpigia mfalme kinubi. Na ukifika 17:15 utaona kitu ambacho mimi nilikiruka miaka mingi: Daudi alikuwa akienda kwa Sauli na kurudi kuchunga kondoo wa babake Bethlehemu. Kwenda na kurudi. Alikuwa na sehemu mbili. Kule ikulu aliona mfalme anavyoketi na jeshi linavyopangwa, mambo ambayo huwezi kuyajifunza kwa kondoo. Kule malishoni alijifunza kombeo, simba na dubu, mambo ambayo ikulu hakuna anayeyafundisha. Goliathi alianguka kwa ujuzi wa malishoni. Lakini nchi haiendeshwi kwa kombeo, na Daudi alipoketi kwenye kiti cha ufalme akiwa na miaka 30 (2 Samweli 5:4), alihitaji yale mengine.

Na tazama 17:20, mstari mdogo sana. Babake anamtuma vitani kuwapelekea ndugu zake chakula, naye kabla hajaondoka anawaacha kondoo mikononi mwa mlinzi. Alikabidhi kazi. Vijana wetu wengine wanaacha kazi kwa kuzima simu.

Paulo naye alisoma kwa Gamalieli, mwalimu mwenye jina (Matendo 22:3), na huko Korintho tunamkuta anashona mahema pamoja na Akila na Prisila (18:3). Hatusomi popote kwamba aliona moja linamwaibisha mbele ya lingine.

Kwa hivyo ukiniuliza kama upako uko chuoni au kazini, nakwambia soma tena. Upako ulikuwa juu ya kijana, na kijana alikuwa njiani kati ya sehemu mbili.

Swali ambalo hatukuwa tumemuuliza

Tukiwa tumemaliza karatasi zote mbili niligundua kwamba kijana mwenyewe alikuwa amezungumza kidogo kuliko mimi na mamake. Nikamuuliza, "Wewe unataka nini?" Alimwangalia mamake kwanza. Kisha akasema anataka umeme. Tangu kidato cha pili anatengeneza soketi na taa za majirani. Aliomba uhandisi wa umeme chuo kikuu, alama zake hazikufika, na akapelekwa kozi ya ualimu ambayo aliijaza ya mwisho ili nafasi isibaki wazi.

Hapo meza ikawa na barua ya tatu ambayo haikuwa imeandikwa. Watu wengi hapa wanajua C+ ndiyo alama ya chini ya kuingia digrii. Wachache wanajua kwamba C- inakuingiza diploma kwenye chuo cha ufundi, D inakuingiza cheti, na aliye chini ya hapo bado ana kozi za ufundi za msingi. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi pia anaweza kuomba mkopo wa HELB. Mwenye diploma anaweza baadaye kuendelea hadi digrii. Na kwa aliye kazini tayari, kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilichopewa hati mwaka wa 2023, ambacho masomo yake ni ya mtandaoni. Kijana wetu ana C+. Akisoma diploma ya umeme hapa mjini analala kwao, anakula kwao, zile 36,000 za chumba zinafutika, na wakati wa likizo anaweza kwenda kwa yule mwanakandarasi kwa mia sita zake, safari hii akijua anakwenda kujifunza nini.

Mamake alisikiliza yote. Kisha akasema lile lililokuwa moyoni. "Pasta, majirani tumeshawaambia amepata yunivasiti."

Sikumcheka. Mimi ndiye niliyefundisha kanisa hili kupiga makofi kwa chuo kikuu na kunyamaza kwa chuo cha ufundi. Hesabu mwenyewe: ni mara ngapi tumemwita mbele mtu aliyepata cheti cha ufundi bomba tukamwombea? Tunawaita wa digrii tu, halafu tunashangaa wazazi wanauza shamba kwa ajili ya kozi ambayo mtoto haitaki. Wachungaji wenzangu, hili tunalo sisi.

Lakini nikamwambia pia kijana upande wa pili wake, asije akafikiri nimempa ruhusa ya kukimbia. "Nitarudi chuo" ni neno ambalo nimelisikia kwa wengi, na wengi hawakurudi. Pesa ya kwanza ni tamu. Inakuja simu mpya, inakuja pikipiki ya mkopo, inakuja familia, na miaka sita imepita. Ukisema utarudi, andika mwezi na mwaka, andika pesa zinawekwa wapi na nani atakuuliza. Na barua ya chuo usiiache ikafa kwa ukimya. Mwandikie msajili kabla ya siku ya kuripoti, uombe kuahirisha, na utake jibu la maandishi. Jibu la mlinzi getini au la rafiki aliye mwaka wa pili si jibu.

Na kama karatasi zako zinaonyesha chuo kikuu kinawezekana, kozi ni ile uliyoipenda, na pengo lina mtu wa kuliziba kwa jina lake, basi nenda! Usikae nyumbani ukiogopa kuota lami kama mimi. Digrii yangu siijutii. Ndiyo inaniwezesha kusoma vitabu vya fedha vya kanisa hili bila kudanganywa, ingawa kuweka akiba nilifundishwa na mama aliyeuza omena, kabla ya profesa yeyote.

Tuliomba, saa tatu kasorobo. Maombi yalikuwa mafupi. Hatukuomba ishara. Tuliomba ujasiri wa kuziangalia zile karatasi na amani kati ya mama na mwanawe, maana walikuwa wameanza kukwaruzana nyumbani.

Alirudi Ijumaa. Alikuwa amemwandikia msajili, na jibu halijaja. Alikuwa amemwomba mwanakandarasi amwandikie masharti, akaambiwa anayetaka barua aende akaajiriwe na serikali. Hilo nalo ni jibu. Na alikuwa na orodha ya karo ya chuo cha ufundi, imekunjwa mara nne mfukoni. Mamake ndiye aliyekwenda naye kuichukua. Mkisoma somo hili Jumapili, kesho yake ndiyo Jumatatu yenyewe. Ameniruhusu niandike mambo yake. Hajaniambia ameamua nini, na mimi sijamuuliza. Mwombeeni.

Jumamosi ijayo, saa nane mchana, baada ya ibada ya vijana, kutakuwa na meza tatu kule nyuma ya kanisa. Yeyote mwenye barua ya chuo, au ahadi ya kazi, au asiye na lolote kati ya hayo, aje na mzazi au mlezi na kalamu. Mzee wetu wa fedha atakuwepo, mdogo wangu atakuwepo na vyuma vyake, na mimi. Mje na kurasa zote za barua, ule wa pili hasa.

Nilimwomba pia yule binti aje. Siku hizi yuko kwenye duka la shangazi yake, anashona sare za shule. Alisema atafikiria. Usiku wa jana akanitumia ujumbe kuuliza kama alete zile karatasi zake za salio la karo, za mihula yote, watoto wazione. Nimemjibu alete.